Jibu lisirudi likiwa maandishi matupu

Mwandishi, hapo kwenye pendekezo lako la kurudisha kila jibu la hifadhidata ya XML kama maandishi sikubaliani nawe kabisa. Katika XQuery 1.0, lugha ya kuuliza data za XML iliyopitishwa na shirika la viwango vya wavuti la W3C mwaka 2007, jibu ni mfululizo wa vipengee, kila kimoja kikiwa nodi au thamani yenye aina yake: namba, tarehe, kweli au si kweli. Ukivigeuza vyote kuwa herufi, programu inalazimika kukisia upya kile ambacho hifadhidata ilishakijua. Nodi nayo inapoteza mzazi wake. Huwezi tena kupanda kutoka aya hadi sura yenye aya hiyo. XQJ, kiolesura cha Java cha kutumia XQuery, ilifanya vyema zaidi: unakiuliza kipengee aina yake kabla ya kukisoma. Na tafadhali, usibuni aina ya pekee kwa jibu lenye kipengee kimoja. Kipengee kimoja na mfululizo wa kipengee kimoja ni kitu kilekile.