Mvua yawakwepa wakulima wa Kitengela, visima navyo vina chumvi

MKULIMA wa sukuma wiki au nyanya huko Kitengela hahitaji mtaalamu wa hali ya hewa kumweleza kwamba misimu imevurugika. Zamani alitarajia masika kuanzia Machi hadi Mei, kisha vuli kuanzia Oktoba. Siku hizi akipanda mapema miche hukauka. Akichelewa, mvua huondoka kabla mboga hazijakomaa.

Malalamiko hayo si dhana tupu. Vipimo vya mvua vya Afrika Mashariki vilionyesha kuwa tangu miaka ya 1980 masika yalikuwa yakipungua, hasa kwa kuchelewa kuanza na kuwahi kumalizika. Kisha kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022, misimu mitano ilikosa mvua ya kutosha mfululizo, na mifugo mingi ikaangamia Kajiado. Wapo wanaolaumu uchomaji makaa pekee. Kweli, ardhi isiyo na miti huumia zaidi, lakini ukame ule ulitokana hasa na La Niña ya bahari ya mbali ya Pasifiki, huku joto la dunia likiuzidisha makali.

Wengi wameamua kutoitegemea mvua. Wamechimba visima, wakatandaza mipira ya kudondoshea maji, na wenye uwezo wakajenga vivungulio. Wengine wamegeukia mchicha, ambao huvunwa baada ya wiki chache tu.

Ni uamuzi wa busara, ila una mtego. Maji ya ardhini katika sehemu nyingi za Kajiado yana chumvi na floraidi. Yakidondoshwa kidogo kidogo na kukauka juani, chumvi hubaki katika udongo ule mweusi usiopitisha maji kwa urahisi. Mvua kubwa ndiyo iliyokuwa ikiiosha. Kivungulio nacho, nyanya zikipandwa humo msimu baada ya msimu, hugeuka makao ya mnyauko wa bakteria.

Isitoshe, si kila mkulima ana ardhi yake. Nani atachimba kisima katika shamba la kukodi, ilhali mwenyewe anaweza kuliuza mwakani zijengwe nyumba za kupangisha? Nyumba hizo pia zinayavuta maji yale yale ya ardhini. Sheria ya Maji ya 2016 inataka kibali kabla ya kuchimba, lakini kibali hakiongezi maji chini ya ardhi.

Ajabu ni kwamba maji yasiyo na chumvi hupita bure. Aprili 2024 mafuriko yaliwakwamisha baadhi ya wakazi wa Kitengela, kisha maji yakateremka na Mto Athi. Kilimo ni jukumu la kaunti tangu ugatuzi uanze 2013. Fedha za vivungulio zingetangulia kuchimba mabwawa ya kuhifadhi maji hayo, na kupima maji ya kila kisima kabla mkulima hajatandaza mpira wa kwanza.