Msidharau Randa ya Seremala

Watu wa Nazareti walimdharau Bwana wetu kwa kuwa Yosefu alikuwa seremala. Dharau hiyo haijafa. Iko hapa kwetu Katanga, tena ndani ya nyumba za Wakristu.

Baba anamgombeza mwana wake: «Usiposoma, utakuwa seremala!» Kama vile kazi hiyo ni adhabu. Kisha binti yake akiolewa, baba huyo huyo anakwenda dukani kununua kabati lililoletwa kwa meli. Linang'aa kama kioo. Lakini chunguzeni ndani: ni chembechembe za mbao zilizoshikamanishwa kwa gundi, zikafunikwa kwa karatasi yenye sura ya mti. Maji ya mvua yakipenya chini ya mlango, miguu ya kabati inavimba kama mkate. Skurubu ikilegea haikazi tena. Fundi hana pa kushika, nalo linatupwa.

Na miti yetu inakwenda wapi? Mukula ulikatwa ovyo huku Katanga na kule Zambia, magogo yakapelekwa mpaka China. Uharibifu ulizidi hata mwaka 2019 mataifa yakauandika mti huo katika orodha ya ile inayolindwa, usiuzwe nchi za nje pasipo kibali. Na miombo iliyozunguka Lubumbashi inateketea kwa makala. Basi tunauza gogo, tunanunua unga. Je, huo ndio werevu wetu?

Wengine watajibu: «Kitanda cha fundi ni ghali.» Ndugu, hesabuni vizuri. Kitanda cha mulombwa, mchwa hawakiwezi upesi. Mama amejifungulia juu yake, na mjukuu wake atalala humo. Anayenunua cha rahisi mara 3 amelipa kuliko aliyenunua chema mara moja.

Wengine watasema: «Hata seremala anakata miti.» Ni kweli. Lakini kwa gogo moja nyumba nzima inapata kazi: baba anapiga randa, mama anapiga msasa, mtoto anajifunza kushika patasi. Gogo likisafirishwa zima, kijiji kinabakiwa na kisiki.

Nanyi mafundi, msifurahi upesi, maana lawama nyingine ni yenu. Mnatengeneza kabati kwa mbao mbichi, na baada ya miezi 2 mlango umepinda. Wazee waliwafundisha kupanga mbao kivulini, vijiti kati ya ubao na ubao ili upepo upite, na kungoja. Ubao wa unene wa sentimeta 2 na nusu wataka karibu mwaka mzima. Mnapigilia misumari mahali panapotaka ulimi na tundu lake. Mnapokea feza ya kwanza, kisha mnajificha. Mnakata hata mti mchanga, ingawa mulombwa hukua polepole: aupandaye leo, wajukuu wake ndio watakaoukata. Mtu wa namna hiyo ndiye anayewapeleka watu dukani.

Mwaka 1955 Papa Pius XII aliiweka tarehe 1 Mei kuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Mwaka 2015 Papa Fransisko, katika barua yake Laudato Si', alituonya juu ya desturi ya kutumia vitu na kuvitupa. Sisi tunaimba na kuandamana siku ya sikukuu, kisha tunarudi nyumbani kuketi juu ya viti vya plastiki. Sifa gani hiyo kwa seremala wa Nazareti?

Usione vyaelea, vimeundwa. Mzazi, kabla ya arusi ijayo, pita kwanza kwa fundi jirani yako. Usitazame vanishi, mwambie akuonyeshe viungo, umwulize mbao zake zimekauka tangu lini. Akijibu vema, mlipe bei yake bila kumnyonya. Na mwanao akipenda kubaki pale kujifunza, usimwite mjinga.