Vijana na Kazi: Kibao cha Nyakati za Swala na Mkono wa Fundi



Katika misikiti mingi ya siku hizi, mjini na shamba, huonekana ukutani kibao cha taa ndogo nyekundu za LED kinachoonyesha nyakati za swala. Kibao kinapozimika, wazee humwita kijana anayesifiwa kwa ujuzi wa umeme, wakampa ngazi na bisibisi, wakamwambia: "Mwanangu, kimalize kabla ya Ijumaa." Mwezi huu twapenda kusema na wote wawili: mzee anayehimiza na kijana anayepanda ngazi.

Yapasa kwanza kijana akijue kitu anachokishika. Kibao huundwa kwa moduli zilizopangwa safu. Iliyoenea sana ni ile iitwayo P10, yenye upana wa sentimita 32, kimo cha sentimita 16, na taa 512. Moduli hutumia volti 5 tu, na volti hizo hazimtikisi mtu akizigusa. Hapo ndipo vijana wengi wanapoghurika. Kwani volti 5 hizo hutoka katika kisanduku cha chuma kilicho nyuma ya kibao, nacho hupokea volti 230 za umeme wa nyumbani. Ndani yake umeme hupanda kupita volti 300, ukawekwa katika kapasita, na huweza kubaki humo hata baada ya plagi kuchomolewa. Tena kisanduku kimoja huweza kutoa ampea 40 kwa zile volti 5. Bisibisi ikigusanisha ncha zake mbili, au waya mwembamba ukibebeshwa mzigo huo, moto huzuka.

Basi kijana na ashike adabu hizi. Kwanza, achomoe plagi, wala asitosheke na kuzima swichi. Angoje dakika tano, kisha athibitishe kwa mita kuwa umeme umekwisha. Kisanduku kilichoharibika asikifungue. Akitoe chote akitie kipya. Na kwa kuwa baadhi ya visanduku vina swichi ndogo ya kuchagua volti 110 au 220, aitazame kabla ya kuwasha, kwani ikiwa kwenye 110 kisanduku hupasuka.

Pili, asiguse kibao hali ametoka kutawadha. Mikono na miguu iliyorowa hufungulia umeme njia ya mwilini. Na kwa kuwa msikitini viatu huachwa mlangoni, aweke jozi safi ya viatu vya mpira isiyokanyaga nje, iwe ni ya kazi hiyo tu. Ngazi iwe ya mbao kavu, na awepo mtu wa kuishika aijuaye swichi kuu ilipo.

Tatu, atafute ila kabla ya kufungua kila kitu. Khabari za maandishi hupita kutoka moduli hadi moduli kwa utepe wa waya, na mshale ulio nyuma huonyesha zinakokwenda. Ikiwa moduli moja na zote zinazoifuata zimeharibika maandishi, ila imo katika moduli hiyo, au iliyo kabla yake, au katika utepe ulio baina yao. Mara nyingi dawa ni utepe mpya. Aunganishapo waya za volti 5, asigeuze chanya na hasi, maana kosa hilo huua moduli mara moja.

Nne, Mji Mkongwe uko kando ya bahari, na hewa ya chumvi hula ncha za waya zikaota kutu ya kijani. Zisafishwe kwa spiriti na brashi laini, umeme ukiwa umekatwa, na spiriti ikauke kabisa kabla ya kulehemu, kwani hushika moto upesi.

Nanyi wazazi, mwanenu akilehemu nyumbani, meza ya kulehemu isiwe meza ya kulia. Lehemu nyingi zina madini ya risasi, ambayo huwadhuru zaidi watoto wadogo. Afungue madirisha, akusanye vipande vyote, na anawe kwa sabuni kabla ya kugusa chakula.

Ama wazee wetu wa kamati za misikiti, twawakumbusha kuwa kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikaa bila ya umeme unaotoka bara kwa waya wa chini ya bahari, na adhana hazikukoma. Muadhini ana saa yake mkononi, na jua halikutoka angani. Kibao ni msaada mwema, lakini kungojwa chaweza. Roho ya kijana ikitoka hairudi. Wanazuoni wetu wametufunza kuwa kuzuia madhara hutangulizwa kabla ya kutafuta manufaa. Basi mpeni fundi wenu muda, mita nzuri, na ujira wake, msimfanye kujitolea kuwa ni sababu ya kukosa vyombo. Naye akisema, "Kazi hii imenishinda, mwiteni fundi wa umeme aliyesomea," msimcheke. Neno hilo ni dalili ya fundi mwaminifu.

Wallahu a'alam.