UKUMBI WA NYUMBANI: Kiasi ni Kiasi Gani?



Wasomaji wetu wapenzi, mwezi huu tunakuombeni ruhusa tuingie jikoni. Hapana shaka wapo watakaostaajabu kumwona mwalimu mzee, aliyezoea kuzungumza nanyi hapa juu ya lugha na malezi, leo ameshika mwiko. Tunakusihini msome hadi mwisho. Mtaona kwamba hatukwenda mbali na malezi.

Tunataka kuzungumzia viazi vitamu vya nazi. Hatukusudii mchanganyiko wa mihogo na samaki, bali vile vya sukari na iliki, ambavyo tui lake hukauka pole pole likawa shira, na shira hiyo ikakishika kila kipande hadi king'are. Kwa watu wa Unguja na Pemba, Mombasa na Lamu, chakula hiki hakihitaji kuelezwa. Ni kitu cha kando. Hakuna aliyekwenda kufuturu kwa jirani kwa ajili yake. Lakini siku kisipokuwepo, kila mtu huinua kichwa na kutazama huku na huku juu ya mkeka.

Mama wa watoto wetu alifariki dunia mwishoni mwa mwaka 2021. Mwenyezi Mungu amrehemu na amlaze mahali pema. Kwa zaidi ya miaka 25 alituandalia futari katika jiko lile lile la ghorofa ya nne, Husby, na katika miaka yote hiyo sisi tuliingia jikoni kwa mambo mawili tu: kunywa maji baada ya magharibi, na kuuliza kabla yake kama kumebaki muda mrefu.

Ramadhani ya kwanza bila yeye iliandama mwanzoni mwa Aprili 2022. Tuliwaalika watoto wetu watatu, ambao wote ni watu wazima, pamoja na wajukuu. Binti mkubwa aliahidi sambusa, wa pili akaahidi uji wa mtama na tambi. Sisi tukasema: viazi tuachieni. Tulidhani kwamba mtu aliyesomesha hesabu kwa nusu ya umri wake hawezi kushindwa na sufuria moja.

Tulishindwa. Tulitia kila kitu kwa pamoja, viazi, kopo zima la tui, maji na sukari, tukawasha moto mkubwa kwa kuwa saa zilikuwa zimekwenda. Jua lilipozama, karibu na saa moja na nusu, tulikuwa na sufuria nyeusi chini. Tui lilikuwa limekatika, mafuta yakielea peke yake. Vipande vya chini vilikuwa vimeungua na vya juu vilikuwa bado vigumu katikati.

Hakuna aliyecheka. Binti yetu mkubwa alichukua kipande kimoja, akakila chote kwa adabu, kisha akauliza, "Baba, kwani mama alikuwa akitia sukari kiasi gani?"

Tukatazamana. Yeye mwenyewe alipata kumwuliza mama yake, akajibiwa, "Kiasi." Mdogo wake naye aliuliza miaka mingine, akajibiwa, "Kiasi tu, utaona mwenyewe." Siku ya pili yake tukampigia simu shemeji yetu aliyeko Unguja, ambaye alifundishwa kupika na mama yule yule. Alifurahi kusikia sauti yetu, akatuuliza hali, akatuombea dua, halafu akatuambia, "Shemeji, sukari tia kiasi. Usizidishe."

Basi tulikuwa na mashahidi watatu, wote wakweli, na neno moja, na neno lenyewe halina kipimo.

Aliyetufungulia mlango alikuwa kitinda mimba wetu, wa kiume, ambaye hakuna aliyepata kumfundisha kupika. Alipokuwa mdogo alifanyia kazi zake za skuli kwenye meza ya jikoni kwa sababu ndipo palipokuwa na joto, na mama yake alikuwa akimpa kinu kidogo atwange iliki. Akasema, "Mama sukari alikuwa akitia mwisho. Mimi nikimaliza kutwanga, yeye ndipo anafunua sufuria. Na alikuwa hakorogi. Alikuwa akiitikisa tu." Dada zake walimtazama kana kwamba wamemwona kwa mara ya kwanza. Wao walifundishwa chapati, wali na mchuzi, kwa kuwa ni wasichana. Viazi havikuonekana kuwa ni somo.

Kuanzia siku hiyo tukanunua mizani ndogo ya jikoni na daftari. Tulipika viazi hivyo mara sita kabla ya Idi, na kila mara tukaandika. Haya ndiyo tuliyoyapata, nasi tunayatoa kwa kipimo cha deshilita, kwa kuwa seti ya vikombe hivyo vidogo vya plastiki hukosekana katika majiko machache sana ya nchi hii.

MAHITAJI (watu sita)

Viazi vitamu kilo 1.
Tui la nazi kopo 1 la mililita 400.
Maji deshilita 2.
Sukari deshilita 1, yaani gramu 85 hivi.
Iliki maganda 6, zitolewe punje na kutwangwa.
Chumvi mililita 2, yaani vijiko viwili vya kile kidogo kabisa ambacho Waswidi hukiita kryddmått.

NAMNA YA KUPIKA

Kopo la tui lisitikiswe. Liweke mahali penye baridi tangu asubuhi, na aghalabu utakapolifungua utakuta tui zito limeganda juu na jepesi limebaki chini. Hilo la juu lichote uliweke kando. Ndilo badala ya tui la kwanza tulilokuwa tukilikamua kwa kifumbu. Lililobaki chini lichanganye na maji na chumvi.

Menya viazi, uvikate vipande vya unene wa vidole viwili, uvipange katika sufuria pana visipandane sana. Mimina tui jepesi, funika, upike kwa moto wa wastani kwa dakika 12 hadi 15. Choma kipande kwa ncha ya kisu: kisu kikiingia bila kulazimishwa na kipande kisivunjike, hatua ya kwanza imekwisha.

Sasa funua. Nyunyiza sukari na iliki, kisha tia lile tui zito. Punguza moto. Usitie mwiko, shika sufuria kwa masikio yake uitikise kila baada ya dakika moja au mbili. Baada ya dakika 8 hadi 10 utaona mapovu yamekuwa makubwa na mazito, na tui limekuwa shira. Zima jiko. Ikiwa jiko lako ni la umeme lenye zile sahani za chuma, lizime dakika 5 kabla, kwa maana sahani hizo hubaki na moto muda mrefu baada ya kuzimwa. Nyumbani tulikuwa tukiyapunguza makaa. Hapa tunaugeuza ufunguo mapema.

SABABU ZAKE

Mwalimu hawezi kutoa kanuni asitoe sababu. Sukari hutiwa mwisho kwa kuwa ina tabia ya kukaza nyama ya mboga. Ikitangulia, kiazi huchelewa kulainika, na wakati huo huo shira huungua chini. Hilo ndilo lililotupata sisi. Tui zito nalo hutiwa mwisho na kwa moto mdogo kwa sababu likitokota kwa nguvu hukatika. Na mwiko hukatazwa kwa kuwa kiazi kilichoiva, ukikikoroga, huwa uji.

Lipo jambo jingine la kuangaliwa na walio ugenini. Viazi vitamu vinavyouzwa katika maduka makubwa ya hapa aghalabu ni vile vyenye nyama ya rangi ya chungwa. Hivyo vina majimaji mengi na utamu mwingi kuliko vile vyeupe tulivyovizoea, na huvunjika upesi. Ukivitumia, punguza maji yawe deshilita 1, sukari iwe nusu deshilita, na uanze kuchoma kisu dakika ya 8. Vile vyeupe hupatikana mara kwa mara katika maduka ya vyakula vya Kiafrika na Kiasia. Ukivipata, fuata vipimo vya juu kama vilivyo.

Asiyepata viazi asikate tamaa. Karoti ni mboga rahisi ya nchi hii, na hukubali sana mapishi haya. Zikate mshazari, zipe dakika 20 za kwanza badala ya 15, na sukari nusu deshilita. Msimwogope mgeni wa Kiswidi mkimwekea mezani. Wao wenyewe huzipika karoti kwa siagi, maji kidogo na sukari au asali hadi zing'are, wakazila pamoja na nyama. Na watu wa kusini mwa nchi, katika meza yao ya Krismasi, huwa na kabeji iliyokaangwa hadi ikawa ya kahawia na kutiwa shira. Mboga tamu kando ya chakula cha chumvi si jambo geni kwao. Hata iliki wanaijua vizuri, kwani hutia katika mikate yao ya kahawa. Nunueni iliki ya punje mtwange wenyewe, kwani iliyosagwa ikakaa dukani hupoteza harufu.

Sukari yenyewe, kwa faida ya watoto wanaopenda kujua, inayotengenezwa hapa haitokani na muwa, bali na aina ya kiazi kinacholimwa zaidi Skåne. Ikisafishwa haina tofauti na ile ya muwa. Mwenye kupenda rangi nyekundu na ladha ya nyumbani na atumie sukari guru iliyoparuzwa, uzani ule ule. Mwenye maradhi ya kisukari na atosheke na utamu wa kiazi na iliki yake bila ya kuongeza, ale vipande vichache, na kuhusu saumu amwone daktari wake kabla Ramadhani haijaingia.

Sasa turejee kwenye neno lile la "kiasi". Wasomaji wetu, mama zetu hawakuwa wakituficha. Kiasi chao kilikuwa katika kiganja, na kiganja hakijui kusema. Mtoto aliyekua kando ya mama yake, siku baada ya siku, alijifunza kwa macho, na neno hilo lilimtosha. Watoto wetu hapa wanatoka asubuhi na kurejea jioni, kila mmoja na treni yake, na wakikua huhama. Ukimwambia "utaona", ataona lini?

Kwa hiyo nasaha yetu ni hii. Yeyote ambaye bado ana mama, bibi, shangazi au mama mkwe, na amwendee mwezi huu huu. Asimwulize kiasi gani, kwani jibu tunalijua. Na akae kando yake na mizani. Bibi akishika sukari kiganjani, amzuie kwa heshima kabla mkono haujafika kwenye sufuria, aipokee sukari hiyo katika bakuli, aipime, aandike, kisha amrejeshee. Bibi atanung'unika na pengine atacheka. Na anung'unike. Na siku hiyo mchukueni pia mtoto wa kiume, mpeni kinu.

Tusidhani muda ni mwingi. Ramadhani husogea nyuma kwa siku 11 hivi kila mwaka. Wengi wenu mnaikumbuka ile ya Juni 2016, tulipokuwa tukifuturu baada ya saa nne za usiku na watoto wamekwisha lala. Hesabu inaonyesha kwamba ya mwaka 2031 itaandama katikati ya Desemba, inshaallah, wakati jua la Stockholm linapozama kabla ya saa tisa alasiri. Watoto walio wadogo leo watakuwa njiani wakirudi skuli wakati wa kufuturu ukiingia. Huenda wao ndio watakaofungua jiko. Je, tutakuwa tumewaachia nini: kipimo, au neno?

Mtatuuliza kama viazi vyetu sasa vinafanana na vyake. Vinakaribia. Shira inashika, tui halikatiki, na wajukuu hulamba sahani. Lakini binti yetu mkubwa, kila akila, hunyamaza kidogo akasema, "Bado kuna kitu, Baba." Tumejaribu mdalasini, tumejaribu chembe ya tangawizi, wala sicho. Tumeacha mstari mmoja mtupu katika daftari, chini ya mahitaji, na hatuna tena wa kumwuliza.

Atakayetuletea vipimo vya boga la nazi au ndizi mbivu za tui, vilivyopimwa kwa mizani na si kwa kiasi, tutavichapisha hapa na kumshukuru.

Hadi mwezi ujao, inshaallah. Wabillahi tawfiq.