Mbwa Mwenye Akili Si wa Kufungwa Mnyororo Kutwa

Siku hizi hapa Mabogini naulizwa kuhusu mbwa kuliko ninavyoulizwa kuhusu SARO 5 au kwelea kwelea. Pampu za maji zinaibiwa, kuku wanaondoka usiku, na kila kijana aliyeuza mpunga vizuri anataka German Shepherd "kwa sababu ana akili".

Akili anayo kweli. Mwaka 1994 mwanasaikolojia Stanley Coren wa Kanada alitoa kitabu kilichopanga mbwa kwa wepesi wao wa kushika amri. Border Collie alikuwa wa kwanza, German Shepherd wa tatu, na hao wa juu wanaelewa amri mpya hata kabla hujairudia mara 5. Watu wakisikia hivyo wanatoa hela haraka. Lakini anayeshika jema upesi, na baya analishika upesi vilevile. Baada ya siku chache anajua komeo la banda la kuku linafunguka vipi, na anajua akibweka sana mfanyakazi atamrushia ugali ili anyamaze.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kama huna walau saa moja kila siku ya kukaa naye, usimnunue. Chukua mbwa wa kienyeji. Mgeni akija atabweka, joto letu la huku tambarare analivumilia, na wala hakuna aibu. Mbwa wa akili nyingi mhesabu kama mfanyakazi uliyemwajiri. Usipompa kazi, atajitafutia mwenyewe, na mara nyingi itakuwa mbuzi wa jirani.

Kuna shamba nililipita, mbwa mzuri kabisa, mnyororo kama mita mbili, chini ya bati, tangu asubuhi mpaka usiku. Mwenyewe ananiambia, "Afisa, huyu ni mkali balaa." Mimi niliona mbwa aliyechoshwa na kukaa bure. Anabwekea bodaboda, anabwekea mbuzi, anabwekea kivuli chake, mpaka wenye nyumba wameacha kuamka. Mwizi anampenda sana mbwa wa namna hiyo. Na siku mnyororo ukikatika, wa kwanza kukutana naye ni mtoto anayetoka shule. Mambo ya kumlisha pilipili ili awe mkali sitaki hata kuyajadili, ni mateso tu.

Kufundisha hakuhitaji fimbo. Hapo Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Panya akipatia anasikia mlio mdogo, kisha anapewa chakula. Basi. Mmoja wao, Magawa, alipewa medali ya dhahabu ya shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020 kwa kazi aliyofanya Kambodia. Kama panya anafundishika kwa tonge, wewe fimbo ya nini? Kipande cha ini au dagaa mmoja kinatosha, ila kitoke papo hapo anapotii. Ukichelewa, anadhani unamlipa kwa jambo jingine.

Tatizo kubwa ninaloliona majumbani ni maneno. Baba anasema "njoo", mama anamwita kwa Kichaga, mfanyakazi anasema "kamu hia", watoto wanapiga mluzi. Mbwa atajua yupi ndiye bosi? Kaeni kikao, chagueni neno moja kwa kila amri: njoo, kaa, acha, lala. Mazoezi yawe ya dakika 10, mara kadhaa kwa siku, alfajiri na jioni. Jua la mchana la Mabogini na manyoya yale mazito haviendani. Kivuli na maji safi viwepo muda wote.

Mchukue akiwa na wiki 8 hivi, si kabla. Kuanzia hapo mpaka wiki ya 14 mwonyeshe kila kitu atakachoishi nacho: kuku, mbuzi, pampu ikinguruma, wafanyakazi, watoto. Awe na kamba anapokutana na kuku, na umpe tonge akiwatazama bila kuwakimbiza. Akishaua kuku wa kwanza, kumrudisha ni kazi ngumu. Akikua mpe kazi yenyewe: mzunguke naye mipaka ya shamba kila jioni, mfiche kitu akitafute. Kazi ya kunusa nayo inamchosha.

Chakula kisiwe ugali mtupu. Changanya dagaa, utumbo au mapupu yaliyopikwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, inavunjika kama vijiti na kutoboa matumbo. Kagua kupe masikioni na katikati ya vidole. Na ukiweka sumu ya panya majarubani, mbwa abaki nyumbani, maana hata panya aliyekufa kwa sumu anaweza kumdhuru akimla.

Chanjo ya kichaa cha mbwa apewe akifikisha miezi 3, kisha kila mwaka, na kadi uitunze. Akimuuma mtu, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, halafu hospitali siku hiyohiyo, hata kama kadi ipo. Wenye watoto wa mbwa ambao hawajachanjwa, pitieni ofisi ya mifugo ya kata wiki hii.