Dalali Anayelipwa Kabla ya Mauzo

Kutoka Mtwapa hadi Mambrui, watu wameaminishwa kwamba biashara ndogo isiyolipia matangazo mtandaoni inajichimbia kaburi. Mwenye saluni Kilifi anaambiwa abusti posti hata kabla hajanunua kiti cha pili. Muuza madera Malindi akilalamika kwamba soko limelala, jibu ni lile lile: weka elfu mbili tatu Facebook, wateja watamiminika. Kwenye semina za vijana na kina mama hilo husemwa kama jambo lisilohitaji ushahidi. Kwa wengi wetu huku Pwani ushauri huo ni hasara tupu, na umefika wakati wanaoutoa waulizwe maswali.

Tupige hesabu. Tuseme dera unalinunua kwa bei ya jumla shilingi 700, unaliuza 1,000. Faida ni 300, na hapo hujatoa kodi ya kibanda wala nauli ya kufuata mzigo Mombasa. Ukalipia tangazo la shilingi 3,000. Huduma za kidijitali za kampuni za nje hutozwa VAT ya asilimia 16 hapa Kenya, kwa hiyo mfukoni zimetoka 3,480. Kuzirudisha tu, unahitaji wanunuzi 12 ambao bila tangazo wasingekuja. Jirani ambaye angenunua hata hivyo hahesabiwi, wala aliyebonyeza alama ya kupenda akaendelea na safari yake. Na hao 12 wakipatikana, ndiyo kwanza umerudi ulipoanzia.

Sasa tazama kinachokuja. Chini ya picha ya dera maoni yanapangana: "Bei?" "Mko wapi?" "Mnatuma Eldoret?" Mwenye duka asiporekebisha eneo, tangazo lake linaweza kuzungushwa nchi nzima, ilhali wateja wake halisi wako mitaa ya Malindi yenyewe, Shela, Maweni, Barani na Muyeye, mwendo wa tuktuk. Anayeuliza bei akijibiwa "njoo inboksi", mara nyingi harudi. Jioni inaingia ripoti ya kujivunia: maelfu ya watu wamefikiwa. Kufikiwa maana yake picha ilipita kwenye simu ya mtu. Kwenye till ya M-Pesa hakuna kilichoingia.

Watetezi watasema tatizo ni kutojua kutangaza. Basi tuwatazame wanaojua. Mwaka 2012 kampuni ya eBay, yenye wanauchumi wake wa ndani, ilisimamisha kwa majaribio baadhi ya matangazo yake ya kulipia kwenye injini za utafutaji ili ione mauzo yatashuka kiasi gani. Utafiti uliochapishwa 2015 ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya pesa ile ilikuwa ikiwalipia wateja ambao wangefika eBay hata hivyo. Mwaka 2019 nayo Facebook ilikubali kulipa dola milioni 40 kumaliza kesi ya watangazaji walioilalamikia kwamba ilikuza takwimu za muda ambao watu hutazama video zake. Ikiwa wenye mamilioni hawajui wanachopata, mwenye kibanda atajuaje?

Kiini cha ubaya ni mpangilio wa malipo. Pwani tunaijua kazi ya dalali. Anatembea juani, anapiga simu, anamleta mnunuzi mpaka kwenye kiwanja, na udalali wake haupati mpaka mauzo yakamilike. Mnunuzi asipopatikana, soli zilizoisha ni zake. Jukwaa la matangazo limeugeuza utaratibu huu: linalipwa kwa kukuonyesha tu, mnunuzi aje asije. Nafasi yenyewe inauzwa kwa mnada, ambamo fundi cherehani wa Kilifi anashindana na kampuni za kamari na benki. Mwaka 2024 Meta, mwenye Facebook na Instagram, ilipata zaidi ya dola bilioni 160 kutokana na matangazo. Hasara ya tangazo lisilozaa haimo katika hesabu zake, imebaki kwako.

Kuna biashara ambazo mteja wake yuko mbali, na hizo nazitenga. Mwenye nyumba ya wageni Watamu anamtafuta mtu aliye Nairobi au Milano, na lazima aonekane huko. Lakini hata yeye apime. Booking.com humkata kamisheni ambayo mara nyingi hufika asilimia 15. Inauma, lakini hukatwa kwa sababu mgeni amepatikana. Tena hakuna tangazo linaloweza kupindua majira. Mvua za masika zikishuka na kusi kuichafua bahari, hoteli nyingi hufunga, na wageni hawaletwi na picha ya ufuo.

Wala sidai kwamba chema chajiuza. Bidhaa isiyojulikana hukaa rafuni. Lakini kujulikana ni jambo moja, na kulipia tangazo ni jambo jingine. Kusajili duka lako kwenye ramani ya Google hakulipiwi. Picha ya mzigo mpya kwenye status ya WhatsApp, bei ikiwa imeandikwa wazi, inawafikia watu wenye nambari yako, yaani walio karibu na kununua. Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa alichapa kwenye leso zake alama ya "K.H.E. – Mali ya Abdulla", na kina mama waliozinunua ndio walioitembeza alama hiyo katika kila harusi na kila kisima cha pwani hii. Walimlipa yeye kwanza.

Ninachodai ni kitu kidogo. Anayefundisha wafanyabiashara kulipia matangazo aje na daftari la mauzo, kabla ya tangazo na baada yake. Idadi ya wafuasi aiache nyumbani. Nawe mwenye duka, kwa mwezi mmoja muulize kila mteja mgeni amekujuaje, uandike jibu. Wengi wakisema ni dereva wa tuktuk, mpe huyo dereva chochote kwa kila mteja anayemleta. Wakisema ni tangazo, na faida yao inazidi ulicholipa, endelea. Lakini usilipe hata senti moja kwa sababu tu umeambiwa kwamba kila mtu analipa.