Ni Stresi Tu, au Anaumwa?

Mwezi huu tuongelee kitu ambacho wengi tunakimaliza kwa neno moja: "Atazoea."

Nina mshkaji wangu, mchumba wake alimpiga chini kadi za michango zikiwa zimeshasambazwa. Wiki ya kwanza alilia. Poa, nani asingelia? Lakini mwezi wa pili bado alikuwa hali, halali, anasoma meseji za zamani mpaka alfajiri, na ofisini barua ya onyo imeshatoka. Sisi tukamwambia ajikaze kiume.

Kumbe hali hiyo ina jina: tatizo la kushindwa kuzoea mabadiliko. Na daktari wa akili akitaka kulitambua, anaanza na kalenda. Mkasa ulitokea lini, dalili zilianza lini? Mwongozo wa Marekani wa 2013 unataka ziwe zimeanza ndani ya miezi 3. Ule wa Shirika la Afya Duniani, ulioanza kutumika 2022, unasema kwa kawaida ni ndani ya mwezi 1, na unaangalia kama akili imeganda kwenye jambo lilelile. Halafu swali gumu: maumivu yamepita kiasi, au yamevuruga kazi na maisha? Sasa kiasi cha kuachwa anakipima nani? Ndiyo maana daktari anatakiwa azingatie mila na mazingira. Kwetu, aliyeachwa hivyo ana kamati nzima ya kuitazama usoni!

Dalili zikitimiza vigezo vya sonona, ambayo hudumu angalau wiki 2, jina linabadilika na kuwa sonona, hata kama chanzo ni mchumba yuleyule. Majonzi ya kawaida ya kufiwa nayo hayahesabiwi humu.

Kwa kawaida tatizo hili huisha ndani ya miezi 6 baada ya mkasa na matokeo yake kwisha. Wengi wakisikia hivyo wanapuuza. Jamani, msipuuze, watu wanafika hadi kujiua. Mwenzio akisema "bora nisingekuwepo", muulize wazi kama anafikiria kujiua, usimwache peke yake, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Mshkaji alinitamkia maneno hayo, mimi nikacheka nikidhani utani. Dada yake hakucheka. Alimpeleka usiku uleule, akaanza ushauri nasaha.

Juzi kaja kunirudishia mchango wangu wa harusi. Nimeukataa, tukaenda kuula kitimoto.